Tiba ya muziki shuleni wakati wa kipupwe: namna ya kupanga wiki ya kazi Lushoto na kwingineko Tanga

Kila ifikapo Juni maswali huwa yale yale. Ngoma iliyolia vizuri Tanga mjini, mbona huku Lushoto inatoa sauti ya gunia? Mtoto aliyekuwa akipiga kayamba mwezi Machi sasa hatoi hata mkono kwenye sweta, nimekosea wapi? Je, naweza kuingiza jiko la mkaa darasani? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata wiki moja ya kazi, kuanzia Ijumaa ya maandalizi hadi Ijumaa ya kuandika kumbukumbu. Ni wa mtaalamu wa tiba ya muziki anayeanza kuzungukia shule zenye vitengo vya elimu maalumu, na wa mwalimu wa kitengo anayeshirikiana naye.

Tanga mjini, Pangani na Muheza, kipupwe ni upepo wa kusi na ubaridi wa alfajiri. Sweta jepesi linatosha na mengi hapa chini utayapunguza. Lushoto, Mlalo, Lukozi na vijiji vya juu ni habari nyingine. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti ukungu unaweza kukaa darasani hadi saa 4 asubuhi. Sakafu ya saruji hushika baridi ya usiku hata jua likishatoka. Ukielewa hilo umeelewa nusu ya mwongozo: kipindi hiki ratiba yako ifuate jua, kengele ya shule ije baadaye.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

Kwanza ridhaa. Pata kibali cha mwalimu mkuu na ridhaa ya mzazi au mlezi wa kila mtoto. Unapozungumza na wazazi wa Tanga kuwa mwangalifu na neno "tiba" likikaa jirani na "ngoma". Wengi watafikiria ngoma za pepo na uganga, na bibi anayemlea mtoto anaweza kukataa kimyakimya kwa kumzuia tu asije shule siku yako. Msalimie, kaa, kisha mweleze wazi: "Shikamoo bibi. Tutamfanyisha mjukuu wako mazoezi ya mikono, sauti na kusikilizana na wenzake, kwa kutumia muziki. Hakuna dawa, hakuna kupandisha chochote." Muulize pia kama kuna nyimbo au midundo asiyotaka mtoto apigiwe. Usitumie mdundo wa ngoma ya pepo au ya unyago kwa sababu tu ni mtamu, na usichukue kaswida au wimbo wa kwaya bila kuuliza nyumba ile inasali wapi.

Pili, taarifa za afya, karatasi moja kwa kila mtoto. Uliza hasa kuhusu selimundu, pumu, kifafa, mtindio wa ubongo, na dawa anazotumia pamoja na saa za kuzimeza. Wakati wa baridi usianze kipindi hata kimoja bila karatasi hii. Sababu zitaonekana mbele.

Tatu, vyombo vya kundi la watoto sita:

- Ngoma 2 za ngozi, moja ndogo kama chapuo na moja nene ya sauti ya chini. Ya ngozi ya ng'ombe huvumilia ukungu kuliko ya mbuzi, kwa sababu ni nene na hunywa unyevu polepole.
- Ndoo 2 za plastiki za lita 10 na dumu 1 la lita 5. Ukizigeuza chini juu ni ngoma zisizojua hali ya hewa.
- Kayamba 2, pamoja na chupa 6 za maji za nusu lita, kila moja na vijiko 4 vya mezani vya choroko au mchele. Funga kizibo kwa gundi, kisha kizungushie utepe wa plasta. Chupa isiyofungwa hivyo usimpe mtoto, atazimimina mdomoni.
- Fimbo 8 za kupigia zenye kichwa cha sponji kilichofungwa kitambaa.
- Gitaa la nyuzi za nailoni au kinanda kidogo cha betri, na betri za akiba.
- Filimbi za plastiki 3, kama una uhakika wa maji na sabuni. Kama huna, ziache nyumbani.

Nne, vya joto na usafi: jamvi au mikeka 2, magunia matupu 6 ya kutandika chini yake, blanketi 3, chupa 2 za chai za lita 2 kila moja, kipimajoto cha ukutani, taulo ndogo 6, sabuni, na spiriti kidogo na pamba.

Fimbo zinahitaji kazi ya ziada kidogo. Vidole vyenye baridi hushindwa kukunja kijiti chembamba. Kata tyubu kuukuu ya baiskeli, utepe wa upana wa sentimita 2, uzungushie kwenye mpini mpaka ufikie unene wa sentimita 3. Mpira hauteremki mkononi na haushiki baridi kama chuma. Mtoto ambaye hawezi kushika kabisa mfungie mpini kiganjani kwa kipande cha kitambaa laini, fundo moja linalofunguka kwa kuvuta.

Hatua ya 1. Ijumaa: vunja ratiba ya kawaida

Vipindi vya mtoto mmoja mmoja, vile vinavyotaka vidole na utulivu, viweke kati ya saa 4:30 asubuhi na saa 7:00 mchana, baada ya uji. Saa 2:00 hadi saa 3:30 asubuhi iwe ya makundi yanayosimama, yanayotembea na kuimba, maana mwili unaotikisika hujipasha wenyewe. Baada ya saa 8:00 mchana usipange kitu. Ukungu hurudi mapema huko juu, na mtoto anayetembea kwa magongo anatakiwa afike nyumbani kungali na mwanga.

Gawa vipindi hivi: Jumatatu 3, Jumanne 5, Jumatano 5, Alhamisi 3, Ijumaa 1. Jumla 17. Wanaoanza hujipangia 25 wakidhani baridi haiwahusu, kisha kufikia Jumatano sauti imekwisha na vipindi vimekuwa vya kupitisha muda. Kila kipindi cha kipupwe kinakula dakika 5 hadi 8 za kupasha mwili, na kati ya kimoja na kingine unahitaji dakika 10 za kufuta fimbo na kurudisha ngoma juani.

Hatua ya 2. Jumapili: pandisha vyombo

Kutoka Mombo, kwenye joto la bondeni, hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona na mpando, na ndani ya safari hiyo ngoma yako imehama majira. Ifunge ngozi kwa blanketi, kisha mfuko wa plastiki juu yake. Usiifunge juu ya gari. Gitaa lipande likiwa limelegezwa nyuzi kidogo, robo mzunguko kila ufunguo, ulikaze Jumatatu likishazoea chumba.

Usiku vyombo visilale kwenye sakafu ya saruji. Vitundike au viweke juu ya meza. Ngoma itundikwe mahali panya hawafiki, kwani ngozi iliyolainika kwa unyevu huwavutia.

Hatua ya 3. Jumatatu asubuhi: andaa chumba bila moto

Fika saa 1:30. Omba chumba chenye madirisha ya upande wa mashariki, hata kama ni kidogo. Funga madirisha ya upande wa upepo, acha wazi sehemu ndogo ya upande wa pili. Tandika magunia, kisha jamvi juu yake. Viti na mikeka vikae hatua mbili kutoka ukutani, kwa sababu ukuta wa matofali hunyonya joto la mgongo wa mtoto polepole bila yeye kuhisi. Wanaokaa vitini wawekee miguu juu ya gunia lililokunjwa. Mguu unaoning'inia hupoa upesi na kukakamaa.

Soma kipimajoto. Kikiwa chini ya nyuzi joto 15, toka na kundi uende juani kama jua lipo. Kama ukungu bado umetanda, fanya kipindi cha kutembea na kuimba tu, dakika 20, na vyombo vya ngozi na vya chuma usivitoe.

Onyo. Jiko la mkaa lisiingie darasani, hata likiwa limeshika vizuri na halitoi moshi, hata dirisha likiwa nusu wazi. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Mtoto asiyeweza kusema kwamba kichwa kinamuuma atasinzia tu, nawe utadhani muziki umemtuliza. Mwalimu wa kitengo akikuletea jiko kwa nia njema, mshukuru, na liende nje kwenye kazi ya ngoma.

Hatua ya 4. Pasha ngoma nje

1. Likiwapo jua, elekeza uso wa ngozi juani dakika 20 hadi 30. Hii ndiyo njia salama kuliko zote.
2. Jua lisipokuwapo, tumia jiko lililo nje, mkaa ukiwa umeshika na hauna mwali. Shika ngoma sentimita 60 kutoka kwenye makaa, ngozi ikitazama moto kwa mshazari.
3. Izungushe taratibu bila kusimama. Dakika 5 zinatosha kwa ngozi ya mbuzi, 8 hadi 10 kwa ya ng'ombe.
4. Kila dakika moja weka kiganja katikati ya ngozi. Ukishindwa kukihimili kwa hesabu ya kumi, umezidisha. Isogeze mbali.
5. Igonge ukingoni sehemu nne zinazotazamana. Sehemu yenye sauti ya chini kuliko nyingine ndiyo iliyobaki na unyevu; ielekezee joto hapo tu.
6. Kama ngoma ni ya vigingi, gonga vigingi kidogo kidogo kwa kupokezana upande na upande, baada ya ngozi kukauka. Ukivigonga ngozi ikiwa mbichi, ikikauka itajikaza juu ya mkazo wako na kupasuka.

Katika ukungu ngoma iliyopashwa hushika sauti kwa nusu saa hadi dakika 45, basi. Ndiyo maana ya zile ndoo. Ngoma ya ngozi ipige kwenye sehemu ya kipindi ambayo mtoto anahitaji mtetemo, hasa mtoto kiziwi anayeisikia kwa kiganja na tumbo. Kazi nyingine zote ndoo inatosha.

Kama unanunua ngoma mpya kwa mafundi wa pwani, kwa mfano Bagamoyo ambako TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, imeuzoesha mji kuishi na ngoma, mwambie fundi mapema kwamba chombo kinakwenda mlimani na kitapigwa na watoto. Omba ngozi ya ng'ombe na wambo unaoweza kukazwa. Ngozi iliyopigiliwa misumari moja kwa moja haina namna ya kurekebishwa ikilegea, utabaki na moto tu.

Hatua ya 5. Jumatatu: pima upya

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayowavunja moyo wanaoanza. Mtoto aliyeitikia salamu kwa sekunde 4 mwezi Machi anaweza kuchukua sekunde 12 mwezi Julai. Misuli ina baridi, nguo ni nyingi, usiku alilala vibaya, na likizo ya katikati ya mwaka imemtoa kwenye mazoea. Ukimlinganisha na Machi utaandika "amerudi nyuma", utabadilisha mpango uliokuwa ukifanya kazi, na mzazi ataumia bila sababu.

Kwa hiyo Jumatatu usifundishe kitu kipya. Fanya vipindi 3 vifupi, na kwa kila mtoto andika mambo manne: nyuzi joto za chumba, alivyovaa, sekunde za kuitikia jina lake likiimbwa (jaribu mara tano), na mapigo aliyopiga mwenyewe bila kushikwa mkono katika dakika mbili. Hivyo ndivyo vipimo vyako vya msingi kwa kipupwe. Vya Machi vilinganishe na vya Machi nyingine.

Hatua ya 6. Jumanne na Jumatano: kipindi chenyewe

Mpangilio huu ni wa mtoto mmoja, dakika 30.

*Dakika 0 hadi 3, mapokezi.* Usimvue sweta wala mzula. Imba salamu yenye jina lake, sauti mbili au tatu tu, chini na polepole. Akiingia amejikunyata na kimya, nawe anza kimya. Akiingia analia, anza na nguvu inayokaribia ya kilio chake, kisha shuka naye. Muziki unaomkuta mtoto alipo ndio unaoweza kumsogeza; ule mchangamfu unaomrukia mlangoni humfanya ajifunge zaidi.

*Dakika 3 hadi 9, kupasha.* Viganja kwa viganja, kwa mapigo 60 kwa dakika, kisha 80. Halafu mabega juu na chini mara 8, halafu vidole kimoja kimoja, kila kidole na neno lake la wimbo. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo bakia kwenye 50 hadi 60 muda wote. Usivute mkono uliokakamaa. Uweke juu ya blanketi, imba mdundo usiobadilika, ngoja mkono ufunguke wenyewe. Baridi huzidisha kukakamaa, na sauti ya ghafla humshtua na kumkaza mwili mzima, kwa hiyo upatu na matasa yakae mbali naye.

*Dakika 9 hadi 22, lengo moja.* Moja tu. Kuchagua kati ya vyombo viwili, kungoja zamu, kushika na kuachia, au kutoa sauti ya kujibu. Mfano wa kungoja zamu: piga ndoo mara tatu, simama, mtazame, ngoja. Mwezi Machi ulingoja sekunde 5. Sasa ngoja 15. Hesabu moyoni bila kutikisa kichwa wala kurudia mapigo. Wengi hujaza ukimya huo kwa kuimba zaidi au kumshika mkono, na mtoto aliyekuwa sekunde ya 12 akijiandaa kupiga hunyang'anywa zamu yake.

*Dakika 22 hadi 27, kushusha.* Punguza mwendo na sauti pamoja. Hapa ngoma kubwa ya ngozi, ikipigwa kwa kiganja katikati, inafaa kuliko gitaa.

*Dakika 27 hadi 30, kuaga.* Wimbo uleule wa kuaga kila siku. Mpe maji ya uvuguvugu, mkaushe jasho la shingo kwa taulo kavu, ndipo atoke. Jasho likikutana na upepo wa nje umemtafutia baridi zaidi ya aliyokuja nayo.

Kwa makundi ya asubuhi tumia wimbo wa kupokezana, mwimbishaji na kiitikio. Tunga maneno ya siku hiyo, wakitembea duara:

Jua limechelewa! *Mikono imeamka!*
Ukungu umetanda! *Mikono imeamka!*
Kengele haijalia! *Mikono imeamka!*

Makofi yaangukie kwenye "mka", mara moja, si kila silabi. Asiyeweza kuimba apige tu kofi hilo moja, na asiyeweza kupiga kofi akanyage. Baada ya mizunguko mitatu mwachie mtoto mmoja aseme ubeti wake. Wengine watausema kwa Kisambaa, na huo ndio wakati mzuri wa kusikia sauti ambayo darasani haitoki. Mwombe mwalimu wa kitengo akusaidie maneno mawili matatu ya kujibu.

Hatua ya 7. Alhamisi: wagawie walimu kazi

Vipindi vitatu vya asubuhi vifanye mwalimu wa kitengo akiwapo na akipiga. Wewe ukishuka mlima mtoto anabaki naye. Mwachie mazoezi mawili kwa karatasi moja, yale ya viganja na ule wimbo wa kupokezana, dakika 10 kila asubuhi kabla ya somo la kwanza. Sisitiza mpaka wa kazi: mwalimu anafanya mazoezi, hafanyi tathmini, na mtu yeyote asimwambie mzazi apunguze dawa ya kifafa au aache mazoezi ya viungo ya hospitali kwa kuwa "muziki unasaidia".

Hatua ya 8. Ijumaa: kipindi kimoja, kisha kalamu

Fanya kipindi kimoja cha kundi, maliza saa 5:00 ili wanaokwenda msikitini wapate nafasi. Kisha andika. Mistari minne kwa mtoto: lengo, kilichofanyika, kilichoonekana, kinachofuata. "Kilichoonekana" kiwe kitu cha kuhesabika. "Alifurahi" hakimsaidii mtu atakayesoma mwezi Septemba. "Alipiga mwenyewe mara 9, nyuzi joto 14, amevaa sweta mbili" kinamsaidia. Daftari lifungiwe kabatini, maana lina siri za afya za watoto.

Osha filimbi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, futa fimbo kwa spiriti, anika kayamba na magunia. Kinanda kikishuka kutoka kwenye baridi hadi joto la Mombo au Tanga, kiache ndani ya mfuko wake saa nzima kabla ya kukiwasha. Hewa ya joto yenye unyevu hugeuka umande juu ya chombo cha baridi, na maji yakiingia kwenye umeme umekipoteza.

Watoto wa kuangaliwa zaidi

*Selimundu.* Baridi ni moja ya vichocheo vya maumivu makali. Mtoto huyu asikae karibu na mlango, asinawe kwa maji ya baridi, anywe maji ya uvuguvugu mara kwa mara, na asichoke. Akisema mkono, mguu au kifua kinauma, au akiwa na homa, simamisha kipindi, mfunike, mwite mzazi na apelekwe hospitali. Usimbembeleze amalize wimbo.

*Pumu.* Dawa yake ya kuvuta iwe chumbani, si ofisini kwa mwalimu mkuu. Aanze kwa kuguna na midomo imefumbwa, akivuta hewa kwa pua, kabla ya kuimba kwa sauti. Moshi wa jiko la ngoma usielekee dirishani kwake.

*Kifafa.* Kikitokea, nyamazisha vyombo, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu, tazama saa. Usimtie kitu mdomoni. Kikizidi dakika 5, au kikirudia kabla hajazinduka, ni safari ya hospitali.

*Mafua.* Mwenye mafua hapigi filimbi ya mtu yeyote, hata yake, apewe ndoo. Filimbi haipokezwi mdomo kwa mdomo hata wote wakiwa wazima.

Sauti yako

Asubuhi, kabla ya shule, fanya dakika 5: guna, tetemesha midomo kama pikipiki, panda na shuka kama king'ora kwa sauti ndogo. Kunywa maji ya uvuguvugu siku nzima. Ukihisi koo kukwaruza, usinong'one, kunong'ona kunaweza kuchosha koo zaidi ya kusema kwa sauti ndogo. Shusha wimbo, piga zaidi, imba kidogo. Gusa mashavu yako pia: mtaalamu anayetetemeka hawezi kushika mapigo 60 kwa dakika.

Matatizo ya kawaida

*Filimbi hailingani na kinanda.* Hewa ya baridi hushusha sauti ya filimbi. Tofauti ya nyuzi joto 10 huishusha karibu theluthi ya nusu-toni, lakini kinanda hakishuki. Weka filimbi ndani ya koti dakika 10 kabla, au usivipige pamoja.

*Filimbi inakoroma.* Pumzi imegeuka maji ndani ya njia ya hewa. Funika kwa kidole lile tundu la sauti lililo karibu na mdomo wa filimbi, puliza mara moja kwa nguvu, kausha.

*Ngoma imepoteza sauti tena kabla kipindi hakijaisha.* Ni kawaida kwenye ukungu. Kuwa na mbili za kupokezana, moja juani na moja kazini, au geuza ndoo.

*Ngozi imechanika ukingoni.* Ilipashwa karibu mno au upande mmoja. Usiibandike gundi, mpasuko utaendelea. Inahitaji kuwambwa upya.

*Kayamba imekuwa bubu.* Matete yamenyonya maji na mbegu zinanata. Ianike nusu siku, uigeuze kila baada ya saa. Ukiona ukungu mweusi kwenye matete, iondoe kabisa mikononi mwa watoto, hasa wenye pumu.

*Mtoto anakataa njuga na chuma chochote.* Shika mwenyewe kwanza. Kimepoa mno. Vifunike kwa blanketi pamoja na chupa ya maji ya moto dakika 10 kabla, umpe tena. Akikataa hata vikiwa na joto, tatizo ni sauti au mguso. Mpe chupa ya choroko.

*Mtoto amelala katikati ya kipindi.* Tazama kwanza kama kuna moto au moshi karibu. Ukiona, watoe wote nje mara moja. Hakuna moto, uliza amekula nini asubuhi na alilala saa ngapi. Mwenye kifafa huenda dawa zimembadilikia, au ameamka kutoka kwenye degedege la usiku ambalo hakuna aliyeliona. Mwarifu mzazi siku hiyohiyo.

*Shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia, linakatika-katika.* Unyevu au betri. Lifute kwa kitambaa kikavu, badilisha betri, na usiku mwalimu au mzazi aliweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na kile kifuko cha kukausha kinachokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kifuko kikae mbali na mikono ya watoto.

*Makundi ya asubuhi yana watoto wawili tu kati ya sita.* Ukungu umewachelewesha njiani. Usifute kipindi. Fanya na hao wawili, na wanaofika mmoja mmoja waingizwe kwa kuimbiwa majina yao kwenye kiitikio kinachoendelea, bila kusimamisha duara.